Mguu Uliovimba kwa Muda Mrefu: Chanzo Chake, Matunzo Yake na Mahali pa Kupata Huduma

(Matini ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa mikutano ya hadhara ya kata na vijiji)



Katika vijiji vingi vya mwambao, mtu mwenye mguu uliovimba hutambulika kwa namna anavyoketi. Huchagua nafasi ya nyuma, huufunika mguu kwa kanga au kwa msuli, na mkutano ukimalizika husubiri wengine watangulie ndipo ainuke. Huenda miaka kumi imepita tangu alipouonyesha mguu huo kwa mtaalamu wa afya. Pengine aliambiwa siku hiyo kwamba matende hayaponi, akarudi nyumbani na neno hilo moja, akaishi nalo.

Neno hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mguu uliokwisha kuwa mkubwa na mgumu ni nadra kurudi ulivyokuwa. Hata hivyo, kinachouongeza mwaka hadi mwaka, kinachomlaza mgonjwa kitandani kwa homa na kumpotezea siku za shamba na za bahari, kwa sehemu kubwa si ugonjwa wa awali. Ni vijidudu vya kawaida vinavyoingia kupitia nyufa ndogo za ngozi, hasa katikati ya vidole. Vijidudu hivyo huzuiwa kwa maji na sabuni, nyumbani, kila siku. Ili maneno haya yaeleweke, inafaa kwanza kutazama jinsi maji ya mwili yanavyoshuka miguuni na kupanda tena.

Damu huteremka miguuni kwa nguvu ya moyo. Kurudi ni kazi nyingine. Kutoka kisiginoni hadi kifuani ni safari ya kupanda, na msukumo wa moyo unapofika huko chini umekwisha kupungua. Anayesaidia ni msuli wa kigimbi. Kwa kila hatua mtu anayopiga, msuli hujikaza, huibana mishipa ya vena iliyo ndani yake, na damu husukumwa juu. Ndani ya vena mna vilango vidogo, ambavyo wataalamu huviita vali, vinavyofunguka kuelekea juu tu. Damu ikishapita, kilango hujifunga nyuma yake. Aliyewahi kuvuta maji kwa pampu ya mkono kisimani anaujua mpango huu: kilango cha chini kisiposhika, mpini hupandishwa na kushushwa mchana kutwa na ndoo isijae.

Sambamba na damu kuna maji mengine. Mishipa midogo kabisa huvujisha maji kidogo kidogo katika nyama ili kuilisha. Maji hayo, pamoja na protini, hukusanywa na mirija myembamba mno ya limfu, hupita katika tezi za kinena, hupanda kupitia tumboni na kifuani, na kurudishwa katika damu karibu na shingo. Tezi hizo ni vituo vya ulinzi, kwa maana humo ndimo vijidudu hukamatwa. Mguu ambao njia zake za limfu zimeharibika hupata hasara mbili kwa pamoja: maji hayaondoki, na ulinzi umelegea. Hasara ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoleta taabu kubwa zaidi.

Kwa upande wa vena, wanaoathirika zaidi ni watu wanaosimama au kuketi muda mrefu pasipo kutembea: mama lishe aliye mbele ya jiko tangu alfajiri, mwalimu, mlinzi, kinyozi, fundi cherehani. Huongezeka hatari kwa mwanamke aliyebeba mimba nyingi, kwa mtu mwenye uzito mkubwa, kwa aliyepata kuganda kwa damu mguuni, na kwa yule ambaye wazazi wake walikuwa na hali hiyo hiyo. Vilango hulegea, damu hurudi chini, na mishipa hututumka chini ya ngozi na kujipinda kama mizizi. Mguu huwa mzito jioni na hupungua asubuhi baada ya usiku wa kulala. Miaka ikipita, ngozi iliyo juu kidogo ya kifundo, hasa upande wa ndani, hugeuka kuwa ya rangi ya kahawia iliyoiva, huwasha na kukauka. Mwishowe kidonda kinaweza kufunguka mahali hapo na kukataa kufunga.

Kidonda cha namna hiyo humaliza fedha za familia nyingi. Hununuliwa dawa ya kupaka, hunyunyiziwa majivu au unga wa vidonge vya rangi mbili, na kila baada ya mwezi hujaribiwa kitu kipya. Ila kidonda hicho kinashikiliwa na shinikizo la damu iliyotuama chini, na hakuna unga unaoweza kuipandisha damu. Kinachokisaidia ni kufungwa bandeji ya kubana, kuanzia kwenye vidole kupanda juu, na kuinua mguu wakati wa kupumzika. Tahadhari moja haina budi kutajwa: bandeji au soksi ya kubana haivaliwi kabla mtaalamu hajahakikisha kwamba damu inashuka vizuri mguuni. Mtu mwenye kisukari, au mvutaji wa sigara, au yule ambaye mguu wake ni wa baridi na humuuma hata akiwa amelala, anaweza kudhurika vibaya kwa kubanwa.

Limfu ina habari yake, na katika mwambao habari hiyo ina jina la zamani: matende. Minyoo myembamba kama uzi huishi ndani ya mirija ya limfu kwa kiasi cha miaka 6 hadi 8 na huzaa mamilioni ya watoto wasioonekana kwa macho. Hao watoto huingia katika damu hasa usiku, wakati mbu wanapouma. Kwa sababu hiyo, zamani vipimo vya matende vilichukuliwa usiku wa manane, na si ajabu kwamba kugongewa mlango saa hizo na kuombwa damu kuliwatia watu hofu. Siku hizi kipo kipimo cha tone la damu ya kidole kinachofanyika mchana.

Mbu mmoja haleti matende. Huhitajika kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka, na mara nyingi maambukizi huanza utotoni pasipo dalili yoyote. Uvimbe hujitokeza ukubwani, wakati ambapo hakuna anayekumbuka lolote la kuunganisha. Katika pengo hilo la miaka ndimo maelezo mengine yalimoota. Husemwa kwamba mtu alitegewa, akakanyaga kitu njiani. Kwa wanaume, mabusha yamesingiziwa madafu kwa muda mrefu, na wapo wazee wanaopita mbele ya muuza madafu bila kumtazama. Dafu halina kosa. Mabusha hutokana na minyoo hiyo hiyo ya matende, na tofauti na mguu, busha hutibiwa kwa upasuaji na mtu akarudi katika kazi zake.

Ieleweke pia kwamba mguu mnene wenye ngozi ngumu si lazima uwe umetokana na mbu. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano nchini Ethiopia, Rwanda na Uganda, kuna watu waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea peku katika udongo huo miaka mingi. Saratani inayoziba tezi za kinena, mionzi ya kutibia saratani na makovu ya upasuaji vinaweza kuziba njia hizo hizo. Matunzo ya ngozi yatakayoelezwa yanawafaa wote.

Je, mwananchi atajuaje mguu wake ni wa upande upi? Kuna dalili za kumwongoza, ingawa uamuzi ni wa mtaalamu. Uvimbe wa vena hukaa zaidi kwenye kifundo na kigimbi, na kidole gumba kikibonyeza kwa muda huacha shimo. Uvimbe wa limfu hushuka hadi juu ya unyayo na kwenye vidole. Mtu akijaribu kuishika na kuiinua kwa vidole viwili ngozi ya shina la kidole cha pili cha mguu, naye akashindwa kwa kuwa imekuwa nene, hiyo ni dalili ya limfu. Mwanzoni mguu wa limfu nao huacha shimo na hupungua usiku. Baadaye huwa mgumu, huota mikunjo na vinundu. Kwa wengine njia zote mbili zimeharibika kwa pamoja.

Ikivimba miguu yote miwili kwa kiasi kinacholingana, moyo, figo na ini huangaliwa kwanza. Wapo pia wanaotumia vidonge vya shinikizo la damu, hasa amlodipini, ambavyo huvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu. Huyo asiache dawa kwa uamuzi wake, aende akabadilishiwe.

Zipo hali mbili ambazo haziruhusu kungoja hata siku ya kliniki. Ya kwanza ni mguu mmoja kuvimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, hasa kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji au aliyejifungua karibuni. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likisafiri hadi mapafuni mtu hukosa pumzi na huweza kufa. Ya pili ni mama mjamzito aliyevimba miguu, uso na mikono, anayeumwa kichwa au kuona maruweruwe. Hiyo ni dalili inayotangulia kifafa cha mimba. Hao wawili wapelekwe kituoni saa hiyo hiyo.

Turudi kwa mgonjwa wa matende na zile homa zake. Kila mwenye mguu wa matende anazijua. Huanza kwa baridi na kutetemeka, mtoki husimama kinenani, mguu huwaka moto, huiva na kuuma kiasi cha kutovumilia shuka. Hulala siku kadhaa. Anapoinuka, mguu umeongezeka kidogo kuliko ulivyokuwa, na ngozi imekuwa ngumu zaidi. Wengi huidhania homa hii kuwa ni malaria, au kuwa minyoo imeamka. Ukweli ni kwamba bakteria wamepita katika ufa. Wakifika ndani hawakuti ulinzi, huzaana, na kila wanapofanya hivyo huharibu mirija michache iliyosalia. Mguu mkubwa huleta mikunjo, mikunjo huficha unyevu, unyevu hulea fangasi, fangasi hupasua ngozi, na ufa huwafungulia bakteria mlango. Duara hilo hukatwa mahali pamoja tu panapofikiwa na mkono wa mgonjwa mwenyewe, nayo ni ngozi.

Basi kila jioni kabla ya kulala, mguu huoshwa. Yanatakiwa maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida ya kuogea. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, hukausha ngozi. Mwoshaji kwanza hutazama mguu kwenye mwanga mzuri, akifungua kila mkunjo na kila nafasi ya kidole kutafuta ufa au kidonda. Kisha huanza kuosha kuanzia gotini kushuka hadi vidoleni, taratibu kwa mkono au kitambaa laini, pasipo kusugua kwa dodoki au jiwe. Hurudia mpaka maji yanayotiririka yawe safi. Baada ya hapo hukausha kwa kugandamiza kitambaa safi, na katikati ya vidole hupitisha kipande chembamba cha kanga kuukuu iliyofuliwa. Kukausha ndiko kunakorukwa na wengi, na unyevu unaobaki huharibu kazi yote. Penye weupe unaonuka katikati ya vidole hupakwa dawa ya fangasi. Penye ufa hupakwa dawa ya kuua vijidudu iliyotolewa zahanati. Kucha hukatwa kwa uangalifu.

Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini si nyepesi kwa mzee asiyeweza kuinama. Hapo ndipo mjukuu au mkwe anapohitajika. Matende hayaambukizi kwa kuugusa mguu, kuuosha, wala kulala nyumba moja na mgonjwa. Mtoto anayekatazwa kumwoshea bibi yake ananyimwa jambo la heri pasipo sababu, na bibi hunyimwa dawa iliyo rahisi kuliko zote.

Homa inapokuja, mambo hubadilika. Mgonjwa hupumzika, huinua mguu, huuweka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, hunywa maji mengi na kumeza parasetamoli. Halafu huenda au hupelekwa zahanati akapewe dawa ya kuua bakteria. Mazoezi husimama hadi homa iishe. Haifai kuchanja chale, kutoboa malengelenge, kukanda kwa maji ya moto wala kufunga majani juu ya ngozi iliyopasuka. Chale za kutoa damu chafu hufungua milango mipya kumi mahali palipokuwa na mmoja.

Siku zisizo na homa, mguu huinuliwa kila mtu anapoketi, na usiku huwekewa mto au godoro hukunjwa upande wa miguu. Kigimbi nacho hupewa kazi: kusimama kwa ncha za vidole na kushuka, mtu akiwa ameshika ukuta, au kuzungusha kifundo akiwa ameketi. Mazoezi hayo humfaa mwenye tatizo la vena na mwenye tatizo la limfu, na mama lishe anaweza kuyafanya huku anakoroga sufuria. Kuhusu viatu, vile vya kubana na vya plastiki visivyopitisha hewa huleta vidonda. Fundi wa makubazi aliye sokoni anaweza kutengeneza viatu vipana vyenye mikanda ya kurekebishwa kufuata umbo la mguu.

Linasalia suala la dawa za kingatiba, ambalo limezua manung'uniko katika maeneo mengi. Tanzania ilianza kugawa dawa za matende mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Dawa ni mbili, ivamektini na albendazoli, na humezwa mara moja kwa mwaka. Zinaua watoto wa minyoo walio katika damu ili mbu asiwe na cha kubeba. Haziupunguzi mguu uliokwisha kuvimba. Mwenye matende aliyemeza akitarajia mguu ushuke, kisha akauona uko vile vile, ana haki ya kuvunjika moyo. Aliyepaswa kumweleza mapema hakumweleza. Dawa hizo humezwa kwa ajili ya mtoto wa jirani ambaye hajaumwa na mbu wa kutosha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka angalau asilimia 65 ya wakazi wote wa eneo wameze katika kila zoezi. Hawapewi wajawazito, mama aliye katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, wagonjwa mahututi, na watoto wenye kimo cha chini ya sentimita 90. Wanaomeza wakiwa na minyoo mingi wanaweza kupata homa, kuumwa kichwa au kizunguzungu kwa siku moja au mbili, kwa kuwa minyoo inakufa. Halmashauri nyingi nchini zimekwisha kusimamisha ugawaji baada ya watoto wa miaka 6 na 7 kupimwa na kuonekana hawana maambukizi ya kutisha. Hilo ni jambo la kushukuru, ila haliwaondoi wazee waliokwisha kuvimba. Mguu hubaki kuhitaji kuoshwa hata minyoo ikiwa imekwisha kabisa.

Mbu naye asisahaulike. Katika miji na vijiji vikubwa vya mwambao, matende huenezwa zaidi na kuleksi, mbu anayezaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka, mifereji iliyoziba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, vyoo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za polistirini, zile zinazofanana na vifungashio vya redio na televisheni. Chembe zilielea zikafunika maji, mbu wakakosa pa kutaga, na wakazi wakapewa dawa wakati huo huo. Maambukizi yakashuka sana. Kwa kaya isiyo na chembe hizo, kufunika shimo, kuweka wavu kwenye bomba la hewa na kuziba nyufa za karo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Chandarua humkinga mtu na malaria na matende kwa pamoja.

Mwenye mguu uliovimba aanzie zahanati ya kijiji au mtaa wake. Abebe vidonge vyote anavyotumia, hata vya kienyeji, na kumbukumbu ya mara ngapi amepata homa ya mguu katika mwaka uliopita. Aombe kuonyeshwa kwa vitendo namna ya kuosha, na aende na yule atakayemsaidia nyumbani ili wajifunze pamoja. Akihitaji kupimwa moyo, figo au mishipa, au mwanaume akihitaji upasuaji wa busha, zahanati itampa rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Asiyeweza kutembea hadi zahanati, jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kwa mwenyekiti wa kitongoji, afuatwe nyumbani.